Tupeane uzoefu: mnaingia nyumba ya kupanga mkiwa wawili, mnaanza na nini?

Wadau, habari zenu. Uzi huu ni wa wanaoanza kukaa pamoja kwenye nyumba ya kupanga, hasa Dar: chumba na sebule, au vyumba viwili na sebule. Kila mmoja anatoka geto lake na vitu vyake, kodi ya miezi sita imeshalipwa, dalali kachukua mwezi wake, mfukoni kumebaki kidogo. Naomba tusilete simulizi za ndoa zetu. Leteni vipimo, hatua, na kinachoharibika.

Nafungua hivi: kirikuu (gari dogo la mizigo) isipakie kitu kabla nyumba haijakaguliwa ikiwa tupu. Siku moja inatosha. Kitasa, bomba, soketi, nyavu za madirisha, vyote hutengenezeka kirahisi kabla kabati halijasimama mbele yake.

Fundi Vitasa
Mlango wa nje kwanza, siku hiyohiyo. Mpangaji aliyetoka hujui alichongesha funguo ngapi, na dalali naye alikuwa na wake. Kama kitasa ni cha silinda, kile kipande cha kati kinachoingizwa ufunguo, huna haja ya kununua kizima. Fungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo kidogo mpaka silinda ilegee, ivute. Nenda nayo dukani, usiende na kipimo cha kichwani: silinda ya milimita 60 inaweza kuwa 30 kwa 30 au 25 kwa 35, na ukikosea haiingii sawa au inatokeza nje. Inayotokeza sana huvunjwa kwa koleo tu. Kama kitasa ni cha leva, kisicho na silinda ya kuchomoa, badilisha chote, ila chukua chenye umbo lilelile ili mbao isichongwe upya.

Funguo ziwe tatu. Mmoja wake, mmoja wako, wa tatu ukae kwa mtu mnayemwamini nje ya nyumba. Chini ya chungu cha maua ndipo mwizi anapoanza kutafuta. Halafu silinda nyingi hazifunguki kwa nje ufunguo ukiwa umeachwa kwa ndani. Kama mmoja wenu ana zamu za usiku, zoeeni kuuchomoa kabla ya kulala, la sivyo atalala barazani.

Mzee wa Luku
Hapa ndipo pesa ya wengi inapovuja, nitakaa kidogo.

Kabla ya kukabidhiwa, nunua umeme wa elfu mbili tatu kwa namba ya mita hiyo na usome risiti yote. Utaona mambo mawili. La kwanza ni kodi ya jengo. Nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi, na isiponunuliwa umeme deni linajikusanya. Nyumba iliyokaa tupu miezi mitano inadaiwa 7,500, kwa hiyo usishangae umeweka pesa na uniti hazikuja. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba 18,000 ya mwaka mtaipunguza kwenye pango.

La pili ni daraja la mita. D1, ya wanaotumia umeme kidogo, inapata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na ukiongeza VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. Ukivuka 75, kila uniti ni 350, yaani 427 mkononi. T1, ya matumizi ya kawaida, ni 292 tangu uniti ya kwanza, kama 356 na makato yake. Sasa piga hesabu ya watu wawili kwa mwezi: friji ndogo uniti 27 hivi, feni moja usiku kucha 15, taa za LED 7, televisheni 9, pasi mara mbili kwa wiki 4. Hiyo ni 62. Birika la umeme la wati 2,000 mkilichemsha mara mbili kwa siku linaongeza 10. Mko 72, simu hamjachaji. Chai ya asubuhi ipikwe kwenye gesi. Kiyoyozi mkiwasha usiku, D1 mmeshaiaga.

Mkichangia mita na jirani, hesabu hii yote haipo. Wekeni sabumita, yaani mita ndogo ya kila mpangaji, msikubaliane kwa mdomo kwamba "tutagawana nusu kwa nusu".

Na mita ya nyumba iliyofungwa muda mrefu huenda haikuwahi kuboreshwa. Mita za tokeni zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Ukiinunulia umeme unaletewa makundi matatu, kila moja tarakimu 20. Ingiza la kwanza, kisha la pili, ndipo la tatu lenye umeme. Ukirukia la tatu, mita inalikataa.

Bomba Halilali
Usiku wa kwanza fungeni koki zote, pigeni picha ya mita ya maji. Asubuhi kabla ya kunawa, picha nyingine. Namba ikisogea, kuna bomba linavuja chini au choo kinapitisha. Choo kinapimwa hivi: tone la rangi ya chakula kwenye tangi la juu, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umekwisha. Ni kazi ya robo saa.

Simtank, tangi la plastiki la kuhifadhi maji: watu wawili wanaojibana wanatumia lita 80 mpaka 100 kwa siku na kufua humo humo. Lita 500 ni siku tano, lita 1,000 ni siku kumi. Muulize jirani mgao wa mtaa huo unakaa siku ngapi, ndipo uchague. Likijaa, la lita 1,000 lina uzito wa tani moja ya maji, kwa hiyo kichanja cha mbao za dari ni kujitakia balaa. Kitako kiwe cha zege au chuma, bapa, likae lote bila ukingo kuning'inia.

Mmependa shawa ya kupasha maji papo hapo? Kila mita moja ya kimo kutoka tangi mpaka shawa inatoa msukumo wa maji wa bar 0.1 tu. Tangi likiwa mita mbili juu, shawa nyingi hazitawaka, au zitawaka na kuungua kwa maji kuwa hafifu. Na bila waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, isifungwe kabisa.

Ulizeni pia karo (shimo la majitaka) lilinyonywa lini na gari la majitaka analipa nani. Hili halimo kwenye mikataba mingi.

Seremala wa Keko
Vijana wananunua kitanda kwanza, wanapima chumba baadaye. Chumba cha futi 10 kwa 10 ukiweka 6 kwa 6 katikati, kila upande unabaki na futi mbili. Kabati lina kina cha futi mbili. Maana yake mmoja wenu atapanda kitandani kwa kumruka mwenzake. Chukua 5 kwa 6, futi tano zinabaki, kabati linapata ukuta wake na mlango wake unafunguka. Na hakikisha ubao wa kichwani unafunguliwa kwa bolti, maana milango ya vyumba ni inchi 32 na kona ya korido ni mbaya zaidi ya mlango.

Vitu viwili viwili vya mageto: pimeni, chagueni, uzeni kabla ya kuhama. Kikishaingia ndani kila mtu anakitetea chake.

Gesi Nyumbani
Nakupinga kidogo hapo, seremala. Mitungi miwili ya gesi msiuze. Mmoja ukiisha saa tatu usiku na wali haujaiva, wa pili unafungwa mnamaliza kupika.

Mkinunua, pimeni. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Toa kwenye uzito wote, ibaki kilo 6 au 15. Wawili wakipika mlo mmoja mkubwa na chai hutumia kama gramu 200 kwa siku, hivyo wa kilo 6 unakaribia mwezi. Ukiisha wiki ya pili, kuna uvujaji au maharage yanachemshwa bila kulowekwa usiku. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio yote. Kiberiti hapana. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango ufunguliwe, na mtungi usilale uvunguni hata kama jiko ni dogo.

Mpwani, Mombasa
Kwetu huku maji ya kisima mengi ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linafanya magamba, na mabomba ya chuma yanaoza. Wekeni mitungi ya lita 20 ya maji matamu kwa kunywa na kupikia, ya kisima yabaki ya kuoshea. Birika likijaa magamba, siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha saa moja, suuza.

Somo
Mmesahau karatasi, wanangu. Wiki ya kwanza mwende wote wawili kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe. Barua yao mtaihitaji kwa mambo mengi, na ni rahisi kuipata kwa mtu anayewajua sura. Mkataba uwe na majina yenu nyote. Ukiwa na jina la mmoja, siku akisafiri mwenzake hana sauti mbele ya mwenye nyumba.

Mashuka jozi tatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja ya mgeni. Godoro la futi tatu na nusu lisimamishwe nyuma ya kabati, maana wageni wa upande wa mume na wa mke watakuja na hawatapiga simu. Kubalianeni mapema ni siku ngapi, na anayemwambia mgeni awe ni ndugu yake mwenyewe, asiwe mkwe.

Mgeni Jamvini
Seremala, na neti? Ya duara au ya pembe nne?

Seremala wa Keko
Pembe nne. Ya duara kwenye 5 kwa 6 inabana miguuni, na mguu ukigusa neti mbu anauma kwa nje. Misumari minne darini, au fimbo nne kwenye kitanda kama mwenye nyumba hataki misumari. Kitanda kiache inchi nne kutoka ukutani, hasa nyumba iliyopigwa plasta juzi. Ukuta mbichi unatoa chumvi, na godoro likigusana nao linaota ukungu upande usiouona.