Je, michezo ya uhalisia pepe inaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya kliniki kwa bega lililofanyiwa upasuaji?

Mwana_wa_Nansio:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa. Alichanika kano ya bega la kulia akivuta wavu, akafanyiwa upasuaji Mwanza, akafungwa mkono shingoni kwa wiki sita, na sasa daktari amemruhusu kuinua mkono mwenyewe bila kubeba kitu. Kila zoezi la kliniki humlazimu kupanda meli kutoka Nansio, na nauli pamoja na siku nzima inayopotea vimeanza kumkatisha tamaa. Mpwa wetu anayesoma chuo amekuja na miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho ukajiona umo ndani ya mchezo, naye anashikilia kwamba kupasua maputo humo ni mazoezi tosha. Je, kuna ukweli?

Fizio_Ziwani:
Ukweli upo, ila si wote. Mwenye bega linalouma huogopa kulisogeza, na kadiri anavyolituliza ndivyo linavyozidi kukaza. Mchezo humsaidia kwa sababu akili yake inakuwa kwingine. Tangu miaka ya 1990 Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wamekuwa wakitumia uhalisia pepe kupunguza maumivu ya majeruhi wa moto wanaposafishwa vidonda. Kwa upande wa bega, zipo tafiti zilizoonyesha nafuu pale mchezo ulipoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida, ingawa nyingi zilihusisha wagonjwa wachache.

Tatizo ni kwamba mchezo unahesabu kiganja, hauhesabu bega. Kamera za miwani hufuatilia vishikio vilivyo mikononi, wala hazioni kombe la bega lililo mgongoni. Mkono unapopanda hadi juu kabisa, nyuzi 180 hivi, takriban 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 zilizobaki hutokana na kuzunguka kwa kombe. Mtu ambaye kano yake bado ni dhaifu hulipandisha bega lote kuelekea sikioni, au huinamisha kiwiliwili upande wa pili, na kwa hila hiyo kiganja kinafika, puto linapasuka na alama zinaongezeka, huku misuli tuliyotaka ifanye kazi imekaa tu. Acheze kifua wazi, na mtu asimame nyuma yake akiyatazama makombe yote mawili. La kulia likitangulia kupanda, mchezo usimamishwe.

Bibi_Igoma:
Mimi bega langu liliganda, jambo linalotupata sana sisi wenye kisukari, na mjukuu wangu alinichezesha michezo hiyo. Maumivu niliyasahau kweli. Lakini miwani ile ina uzito wa karibu nusu kilo, na kuivaa kunataka mikono yote miwili ipande hadi kisogoni. Kwa hiyo avalishwe na mtu mwingine. Aanze akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na magurudumu, maana kizunguzungu na kichefuchefu huja ghafla, na aliyepepesuka hujishikilia kwa mkono wowote ulio karibu, hata ule mgonjwa. Joto la mchana nalo hujaza ukungu kwenye vioo, hivyo jioni ni afadhali.

Mzee_wa_Mwaloni:
Kwa heshima zote, mvuvi ana kapi na kamba nyumbani. Alifunge kapi kwenye boriti, akae chini yake, mkono mzima uvute na mgonjwa upande taratibu. Hakuna umeme wala bando hapo. Kisha mchezo hauna uzito. Wavu uliolowa unao. Msije mkamwona bingwa wa maputo mkampeleka ziwani.

Fizio_Ziwani:
Mzee amesema kweli, na kapi hilo ndilo tunalolitumia hata kliniki. Niongeze kwamba miwani nyingi hupoteza kishikio pale mkono unapokwenda nyuma ya mwili, kwa hiyo mwendo wa kupeleka mkono mgongoni, ule wa kuchomekea shati, hautafanyiwa mazoezi humo hata kidogo. Huo afanye kwa taulo, tena baada ya daktari wake kuuruhusu.

Mwana_wa_Nansio:
Ahsanteni sana. Basi achague mchezo wa namna gani, na safari za kliniki tuzipunguze au tuziache?

Fizio_Ziwani:
Achague mchezo wa polepole ambao urefu wa shabaha unaweza kupangwa. Aanzie usawa wa kifua, apande kadiri kombe linavyotulia. Michezo ya kurusha vitu, ngumi na upanga aiache kwa sasa, kwa sababu mkono unaokwenda kwa kasi huivuta kano ghafla unaposimama. Mazoezi ya nguvu kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 12, kutegemea ukubwa wa mchaniko na uamuzi wa daktari aliyempasua. Maumivu yakibaki hadi kesho yake, apunguze muda. Mkono ukikataa kuinuka ghafla, asisubiri tarehe ya kliniki.

Safari msiziache. Mwombeni mtaalamu wake akubali kupokea video fupi zilizopigwa kutoka nyuma, zikionyesha mgongo mzima tangu kiunoni hadi kichwani, kisha yeye ndiye aamue ni zipi zinazoweza kurukwa.