Majirani Njia ya Makofia, Bagamoyo: Madarasa ya Sekondari

*Mama Zuhura:* Asalaam alaykum majirani. Leo nimemsindikiza Zuhura shule. Tumetoka saa kumi na nusu, giza totoro. Viatu kavitia mfukoni, anatembea na ndala. Akifika bombani ananawa miguu ndipo anavaa. Nikachungulia darasani: meza moja watoto watatu, wa pembeni daftari kaliweka pajani. Nimerudi na machozi.

*Baba Shabani:* Waalaykum salaam. Pole sana. Shule ilipojengwa huku nyumba zilikuwa za kuhesabu. Sasa mkorosho ukikatwa, nyumba inasimama. Watu wanatoka Dar na watoto wao.

*Bi Mwajuma:* Na watoto hao ni wetu. Lakini ada si ilifutwa 2016? Serikali ijenge.

*Babu Kombo:* Ilifutwa, mwanangu, na serikali inajenga. Yale madarasa mawili mazuri si ya fedha za UVIKO, zile za korona, shilingi milioni 20 kila moja? Ila watoto wanaongezeka upesi kuliko vyumba. Linaloninyima usingizi ni hili: kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inaishia la sita badala ya la saba. Mwaka 2027 watamaliza la sita na la saba kwa pamoja, Januari 2028 wote kidato cha kwanza. Darasa ni watoto 40. Tutawaweka wapi?

*Mama Zuhura:* Ya Rabi! Mdogo wake Zuhura yumo humo humo.

*Babu Kombo:* Basi tuanze kujenga sasa. Tukifikisha boma, yaani kuta, kwenye linta juu ya madirisha, tunaiomba halmashauri bati na umaliziaji. Mkuu wa shule tusimwingize, walimu walikatazwa kukusanya michango tangu 2018. Ipitie serikali ya kijiji, kwa kibali.

*Bi Mwajuma:* Na stakabadhi, babu. Safari ile tulichanga kwa choo cha wasichana, mpaka leo ni shimo. Binti yangu alikuwa anakosa masomo kila mwezi kwa sababu ya choo hicho. Sitoi tena bila karatasi.

*Babu Kombo:* Haki yako kabisa. Ningependa wewe ndiye ushike daftari la hesabu.

*Bi Mwajuma:* Nitalishika, inshallah.

*Fundi Saidi:* Shikamoo babu. Mimi natoa siku tatu za ufundi, sitaki hata senti. Ila tofali tusipunje. Za inchi sita, mfuko mmoja wa saruji usizidi tofali 30. Nimewahi kuona ukuta wa tofali 50 kwa mfuko: unakwangua kwa ukucha, mchanga unamwagika. Wanangu hawatakaa chini ya ukuta huo. Na mchanga uje kabla ya masika, ile njia ikilowa lori halipiti.

*Babu Kombo:* Marahaba, Saidi. Mungu akuzidishie.

*Baba Shabani:* Mkutano wa kijiji ni Jumamosi baada ya alasiri. Fundi njoo na hesabu ya darasa moja.

*Mama Zuhura:* Mimi fedha sina, nitabeba maji ya ujenzi mpaka linta.

*Fundi Saidi:* Maji ndiyo kazi yenyewe, dada. Kesho saa kumi na mbili asubuhi napima uwanja. Nani ana kamba ndefu?

*Mama Zuhura:* Ninayo ya kisimani. Nitakuja nayo nikimsindikiza mtoto.