Mjadala: Safari Circuit ifufuliwe, au iachwe ilale?

Wakuu, kila mashindano ya gofu ya Kenya Open yanapokaribia hawakosekani wanaosema serikali zetu ziungane kuirudisha Safari Circuit, ule mzunguko wa zamani wa mashindano ya gofu Afrika. Mimi napinga, ila marehemu nimpe kwanza haki yake.

Mzunguko ule ulishika kasi miaka ya 1970, ukiunganisha michuano ya wazi ya Nigeria, Zambia na Kenya, kisha Ivory Coast na Zimbabwe. Wachezaji wa Ulaya walikuja mwanzoni mwa mwaka, kwao kukiwa na baridi. Na hawakuja wachovu. Mwaka 1978 Sandy Lyle alipata Nigeria ushindi wake wa kwanza wa kulipwa, na Seve Ballesteros akabeba Kenya Open. Ian Woosnam akaibeba 1986. Wote watatu wana taji la Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Kuna na Peter Tupling, ambaye leo hatajwi sana: Lagos, 1981, mashimo 72 kwa mikwaju 255, yaani 29 chini ya kiwango cha uwanja. Hiyo ni kwenye uwanja wa klabu ya Ikoyi, ambako kuzunguka shimo hapakuwa na nyasi bali mchanga uliochanganywa na mafuta!

Sasa yasomeni tena majina hayo. Mwafrika yuko wapi? Sisi tulikuwa uwanja wa mazoezi. Ratiba ya Ulaya ilipoanza kuingia miezi ya baridi (Dubai ilianza 1989), wageni hawakuwa na haja nasi tena. Kufikia 1991 Kenya Open ilikuwa kwenye Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya.

Jibu: Mleta mada, umewaruka makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko ya vifaa. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia huko. Ukimbebea bingwa mfuko siku nne, ukaona anavyousoma upepo na anavyokubali kupoteza mkwaju mmoja ili asipoteze mitatu, hiyo ni shule isiyo na ada. Mkenya Jacob Okello alifungana kileleni hadi mchujo wa ziada Kenya Open ya 1998, akazidiwa na Muargentina Ricardo González. Angefika hapo kwa kucheza na jirani zake tu?

Jibu: Mimi naongea kama mlipa kodi. Tangu 2019 Kenya Open iko kwenye ziara kuu ya Ulaya. Mwaka huo zawadi zilikuwa yuro milioni 1.1, na hilo "Magical Kenya" kwenye jina lake ni nembo ya utalii. Basi tuliite tangazo, tulipime kwa watalii. Msituuzie kama maendeleo ya michezo.

Mleta mada: Wa makedi, nakubali shule ile ipo. Ila mfano wako unanisaidia mimi: 1998 Safari Circuit ilikuwa imeshazikwa. Na tangu Kenya Open ianze 1967 hakuna Mkenya aliyeishinda. Ninachotaka ni mzunguko wa Nairobi, Kampala, Dar na Lusaka, zawadi ndogo, wiki nyingi, nafasi nyingi kwa wenyeji. Mchezaji wa kulipwa anakomaa kwa kucheza kila wiki. Kualikwa mara moja kwa mwaka, akatolewa Ijumaa kwenye mchujo wa katikati ya mashindano, kunamsaidia nini?

Jibu: Sawa mkuu, na mdhamini? Kampuni hutoa pesa palipo na kamera, na kamera zinamfuata mgeni mwenye jina. Wiki nyingi bila jina kubwa, nauli na malazi ya hao vijana analipa nani?