Tupeane uzoefu: umewahi kumshukuru mwanajeshi? Ulifanyaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, za jioni. Leo asubuhi nimepanda daladala ya Tegeta. Pale Lugalo akaingia kijana wa JWTZ, kombati imepigwa pasi, buti linang'aa. Konda alipomfikia, kijana akatoa noti. Konda akaikataa: "Afande, hiyo acha." Nikashuka bado najiuliza, ile ni shukrani au woga?

Nauliza kwa sababu nina deni. Jirani yetu mmoja alikuwa Darfur, Sudan, kulinda amani mwaka 2013, ile Julai wenzake 7 walipouawa kwenye shambulio la tarehe 13. Alirudi, tukawa tunasalimiana getini. "Shikamoo kaka, za huko?" "Marahaba, huko kwema." Basi, imeisha. Amehamishwa kituo sijamwambia neno. Na ningemwambia nini? Nikisema "ahsante kwa kulitumikia taifa" naona kama nasoma hotuba ya mgeni rasmi. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki, ngao na mashada, lakini hayo ni ya waliolala. Aliye hai unamfanyia nini? Leteni ya kwenu.

Konda wa Tegeta

Mkuu, nakujibu bila kuficha: ni woga. Nilianza kazi nikakuta mwenye sare hatozwi, nami nikaendeleza. Kuna siku moja tu haikuwa woga. Alipanda jamaa wa makamo, nguo za kiraia, magongo mawili, faili la hospitali kwapani. Nikamkalisha mbele. Abiria mmoja akauliza, "Kwani ajali ya bodaboda?" Akajibu, "Kongo." Gari zima kimya. Alinipa nauli, nikaipokea, halafu alipokuwa anashuka nikamrudishia ndani ya lile faili bila yeye kuona. Sijui hata kwa nini nilifanya kwa kificho.

Mke wa Mjeda

Mimi nitasema upande wa nyumbani, maana mnamfikiria yeye tu.

Desemba 2017 mume wangu alikuwa Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 8 kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni, ilikuwa imeshashambuliwa, wanajeshi wetu 14 wameuawa. Ijumaa hiyo simu yangu haikupumzika. Shangazi, wifi, watu niliosoma nao darasa la saba, wote swali moja: "Umepata habari?" Wengine wananitumia picha. Picha! Mtu anamtumia mke wa mwanajeshi picha za maiti, kisha anaweka na kiemoji cha kulia.

Mama Zawadi wa nyumba ya tatu hakupiga simu. Alikuja na chupa ya chai na mkeka, akatandika barazani, akachukua simu yangu akaiweka kwenye mfuko wa gauni lake. "Wakipiga wa kazini nitakupa. Wengine watanisamehe." Wanangu aliwaogesha, akawalaza kwake. Tulikaa mpaka alfajiri, na nadhani hatukuzidisha sentensi kumi. Mume wangu alikuwa kituo kingine, alipiga Jumamosi.

Nikitaja shukrani kwa jeshi mimi namtaja yule mama. Pia, naomba muache kutukopa. Mume akienda misheni tu, mtaa mzima unajua kwamba una dola.

Mjukuu wa Missenyi

Babu yangu alikuwa mgambo vita vya Kagera. Sisi wa huku hiyo si hadithi ya kitabuni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia, watu wakavuka mto kukimbia, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Bibi anasema wao hata redio ya kusikilizia hawakuwa nayo, walikuwa porini na mbuzi wawili.

Kijijini babu anashukuriwa kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Harusi yoyote, kibuyu kikifika kinaanzia kwake, ndipo wazee wengine. Hakuna anayetangaza sababu.

Mimi nilitaka kumfanyia zaidi nikamwuliza anataka nini. Nilidhani atasema bati, au redio. Akasema, "Lete daftari." Nikanunua lile gumu la kurasa nyingi. Akanitajia wenzake wasiorudi, nikaandika. Majina 11. Watatu aliwakumbuka kwa majina ya utani tu, na hilo lilimuuma kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona nacho. Tulipokwenda Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, alitembea na daftari lile mkononi kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Mvaa Madoa

Mimi nilionyesha mapenzi yangu kwa jeshi kwa kununua suruali ya madoadoa ya kijeshi mnadani. Nilikutana na wenyewe, wanajeshi, stendi. Nikaruka kichura mpaka magoti yakaanza kuimba. Nawashukuru bado, ila kwa mbali.

Wa Goma

Jambo yenu. Miye ni mtu wa Goma, naomba na miye niseme. Mwaka 2013, kikosi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilipokuja kupigana na waasi wa M23, mama yangu alikuwa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale Sake, karibu na Goma. Wanajeshi wengine wa Umoja wa Mataifa walikuwa wananunua kwake kwa kuonyesha vidole. Hawa wa Tanzania walifika wakasema, "Mama, punguza bei." Mama alicheka hadi akaketi. Walicheka Kiswahili chetu, nasi tukacheka chao, kile cha "naomba" kila mahali. Tangu siku ile Mtanzania alikuwa anapimiwa samaki, kisha anaongezwa matabishi, yaani nyongeza ya bure, mkono mzima.

Mwaka 2022 niliandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huku Kongo, sifichi, tulikuwa tumechoka. Lakini ukimwuliza mama juu ya wale vijana wa sambaza, anataka kujua kama walifika kwao.

Mstaafu

Nimesoma yote. Nilikuwepo Sake hiyo, na sambaza nilikula sana. Mama yule mpe salamu zangu.

Nikwambie, mwanzisha uzi. Kitu ambacho mwanajeshi hataki ni kuulizwa "uliua wangapi?" Nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye ubatizo. Shukrani niliyoipenda ni ya mdogo wangu. Nilipoondoka, mahindi yalikuwa magotini. Niliporudi akanipa karatasi: magunia kadhaa, bei, pesa ya vibarua, chenji mpaka ya kamba za kufungia. Akasema, "Hesabu mwenyewe."

Na wewe konda, nakaa Tegeta. Enzi za kombati mlinikatalia nauli mpaka nikawa naona aibu kupanda. Siku hizi navaa shati la kawaida, nalipa kamili, na nasimama mpaka Makumbusho na goti hili.

Konda wa Tegeta

Shikamoo mzee. Gari langu la kwanza linatoka saa kumi na moja alfajiri. Siti ya mbele nitakushikia. Nauli utalipa.