Kikundi cha ukoo: Kama ilivyopokelewa

Shangazi: Hamjambo ukoo. Tangu ile Machi 2025 wafanyakazi wa VOA, redio ya Sauti ya Amerika, walipoambiwa wakae nyumbani, Baba Mdogo hajatulia. Kila jioni anazungusha kisahani cha redio, napigiwa mlio tu humu ndani.

Neema: Shangazi, mwekee programu kwenye simu. Stesheni za dunia nzima zimo.

Shangazi: Anayo. Anasema habari za simu hazina saa.

Babu: Hajakosea. Enzi zetu redioni taarifa ya habari ilikuwa dakika kumi. Mezani zimeingia habari hata mia, zinasomwa nane. Kazi ya chumba cha habari ilikuwa kutupa. Siku hizi kuna saa 24 za kujaza, sasa nani atatupa kitu?

Babu: Ijumaa Kuu ya 1930 msomaji wa BBC aliwaambia wasikilizaji kwamba leo hakuna habari. Wakapiga piano.

Neema: 😂😂 Leo angeitwa ofisini kabla piano haijaisha.

Mjomba Fundi: Shikamoo Babu. Kutupa alikuwa anatupa yeye, kufagia nafagia mimi. Tepu ya kurekodia ilikimbia sentimita 19 kwa sekunde. Yaani waziri akisema “eeeh” sekunde moja, hiyo ni kama shubiri nzima ya tepu. Unaweka alama kwa penseli, unakata mshazari kwa wembe, unaunga. Lakini pumzi yake unamwachia. Ukiikata na pumzi, mtu anasikika kama hana mapafu.

Babu: Marahaba. Na mara moja ulikata neno “si”.

Mjomba Fundi: Babu, hayo ya ndani 🙈

Neema: Mimi nakata kwenye kompyuta, nikiharibu narudisha. Ila Babu, niruhusu niseme. Mlitupa, sawa, lakini na nyinyi mlikuwa mnaletewa cha kusoma. Kiongozi kafungua hiki, kiongozi kawaasa wananchi kile, halafu mafuriko yanakuja habari ya sita.

Shangazi: Neema!

Babu: Mwache, kasema kweli. Ndiyo maana watu wakimaliza kutusikiliza sisi walihamia London au Cologne kutafuta nusu iliyobaki. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, Deutsche Welle 1963. Na sisi tuliosoma ile nusu ya kwanza tulikuwa tunawasikiliza vilevile, mlango tumefunga.

Mjomba Fundi: Sauti chini kabisa 😄

Neema: Basi ndiyo hoja yangu. Leo msikilizaji akisikia uongo anakupigia papo hapo, anakutumia na picha. Enzi zenu angeandika barua.

Babu: Barua zilikuja, nyingine kali. Lakini kuna jambo moja. Teleprinta, ile mashine iliyochapa habari za mashirika kama Reuters na AFP, ikigonga kengele, ujue kuna zito: kafa mtu, kapinduliwa mtu. Vidole vinawasha. Mhariri wetu alikuwa anakaa juu ya ile karatasi. “Reuters wamesema, AFP je?” Tunangoja. Mara nyingine jirani ametangaza kabla yetu, tunaumia, lakini tunangoja. Sasa leo alfajiri humu ndani nimesoma kifo cha mtu ambaye saa nne nimemwona anahojiwa, mzima wa afya.

Baba Mdogo: Mimi niliisambaza kama nilivyoipokea.

Babu: Hayo maneno “kama ilivyopokelewa” ndiyo yanayonikera kuliko yote. Msomaji wa redio akisema hivyo hewani, kesho hana kazi.

Neema: Kesho ana wafuasi laki moja, Babu.

Mjomba Fundi: Mimi kinachonisumbua ni saa. Zile “pipi” sita za Greenwich, yaani milio ya redio ya kutangaza saa: tano fupi, ya mwisho ndefu. Inapoanza ile ndefu, saa ndiyo hiyo imetimia, unarekebisha saa ya ukutani. Sasa sikiliza kwenye simu: zinakuja zimechelewa sekunde kadhaa, kwa sababu sauti inakusanywa kwanza ndipo inachezwa. Simu mbili chumba kimoja, kila moja na saa yake.

Shangazi: Ndiyo maana anasema hazina saa!

Mjomba Fundi: Na Norwei 2017 walizima FM za taifa kabisa, wakahamia dijitali. Redio nzima za watu zikabaki mapambo.

Baba Mdogo: Kisahani changu sikiachi. Mtandao ukikatika mtakuja wenyewe kuniuliza kuna nini, nami nina betri. Kuhusu ile ya asubuhi nimewatumia ujumbe wa sauti, nimeeleza yote.

🎤 *Ujumbe wa sauti 7:42*

Babu: Dakika saba? Anza na aliye hai.

Neema: Mjomba, wembe bado unao?