Nataka kununua popapu iliyotumika, tuko sita na bibi yumo: Jumamosi nikague nini?

BabaNeema_MN

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni Mtanzania, naishi Brooklyn Park, Minnesota, huu mwaka wa 11. Nina mke na watoto watatu, wa miaka 13, 10 na 6. Mwezi wa saba mama yangu anakuja kutoka Moshi kukaa nasi miezi mitatu. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua.

Kiangazi kilichopita tulilala kwenye hema la kawaida kule Gooseberry Falls, kando ya Ziwa Superior. Mvua ilinyesha usiku kucha. Saa tisa usiku wote watano tulikuwa ndani ya gari na mablanketi yaliyolowa. Watoto hawakulalamika hata kidogo, yule wa kati anasema ndiyo safari aliyoipenda kuliko zote. Lakini mama yangu siwezi kumlaza chini.

Sasa nimeona popapu inauzwa. Kwa asiyezijua, ni zile trela fupi ambazo zikifungwa zinakuwa kama sanduku. Ukifika kambini unazungusha winchi, paa linapanda, halafu unavuta vitanda viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, kuta zake ni turubai. Hii ni ya mwaka 2005, iko karibu na St. Cloud. Muuzaji ni mzee, wajukuu zake wamekua hawaendi tena kambini. Anataka dola 3,800. Ina jiko la gesi, friji ndogo, hita, na mapazia aliyoyashona mkewe kwa mkono. Mke wangu ameyaona mapazia kwenye picha, na kwake biashara imeshaisha.

Gari letu ni Toyota Sienna ya 2014, V6. Kitabu chake kinasema inavuta hadi ratili 3,500. Trela ikiwa tupu ni ratili 2,150, na kibao chake kinasema ikijazwa isizidi 2,950. Kwa hesabu yangu tuko salama. Chuma cha kuvutia trela bado sijafunga.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Hela hii nimeitenga kidogo kidogo kwa miaka miwili na sitaki kununua uozo. Jumamosi saa nne asubuhi naenda kuiona. Nikague nini? Na bibi alale wapi ndani ya kitu kile?

---

MzeeWaDuluth

Karibu Baba Neema. Mimi natoka Nakuru, niko Duluth tangu 2006, na nimemiliki popapu mbili. Ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa inang'aa. Mwaka wa pili kona ya paa ikabonyea chini ya kidole kama mkate uliolowa chai, na fundi akaniambia gharama ya kuitengeneza inazidi bei niliyoinunulia. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, unisamehe.

Sahau jiko, sahau mapazia, sahau magodoro. Hivyo vyote unaweza kubadilisha. Unachonunua ni paa na sakafu. Paa nyingi na sakafu nyingi za aina hii zina mbao au plaiwudi ndani, na maji yakishaingia humo hayatoki. Yanaozesha polepole huku nje kunaonekana kuzuri.

Mpigie mzee kesho umwombe asiifungue kabla hujafika. Uwepo wewe mwenyewe paa linapopanda, na ile pumzi ya kwanza inayotoka uivute wewe. Harufu ya ukungu haifichiki kwa dakika tano za mwanzo. Madirisha yakishakaa wazi asubuhi nzima, hutaisikia tena.

Paa likipanda, simama mbali kidogo uangalie pembe zote nne. Zipande pamoja na zisimame sawa. Pembe moja ikichelewa, au winchi ikilia na kuruka meno, kuna kebo au springi imechoka. Kuirekebisha kunawezekana, ila bei lazima ishuke. Na usiruhusu mtoto kupita chini ya paa ambalo halijakaa kwenye nguzo zake.

Halafu chukua bisibisi, ugongegonge paa na sakafu kwa mpini wake. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu. Iliyooza inajibu kwa sauti nzito, ya kufa. Bonyeza kwa dole gumba kila pembe, pembeni mwa mlango, chini ya sinki, na pale vitanda vinapotokea. Lala chini na tochi uangalie sakafu kwa upande wa chini. Watu wengi hawalali chini kwa sababu wamevaa nguo nzuri, basi wewe vaa za kazi.

Friji iwashe mara tu ukifika, kwa umeme wa ukutani, kisha endelea na mengine. Aina hiyo hupoa polepole sana, ukiiwasha dakika za mwisho hutajua kama ni nzima. Washa jiko, washa hita, paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi uone kama panatoa povu. Vile vifaa vya kutambua gesi na moshi wa sumu vina tarehe ya kuisha matumizi. Trela ya umri huo mara nyingi bado ina vya zamani. Nunua vipya siku hiyo hiyo, wala usingoje.

Mwisho, namba ya fremu lazima ilingane na iliyo kwenye kadi ya umiliki, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela.

---

DerevaIowa

Mkuu, mzee amemaliza upande wa trela. Mimi naendesha lori, nitakwambia upande wa gari, maana ule wengi hawaugusi.

Ratili 3,500 za kuvuta siyo hesabu pekee. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo wasizidi ratili kadhaa. Trela nayo inalalia gari pale mbele inaposhikia, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ule mlalio unahesabika kama mzigo ndani ya gari. Piga hesabu ya watu wote sita, mama akiwemo, kisha uje hapa.

Chuma cha kuvutia nacho kina uwezo wake, na ile tufe ya kushikia ina wake. Kinachotawala ni kile dhaifu kuliko vyote, siyo kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha Sienna.

Matairi: tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho, 2 za kwanza ni wiki na 2 za mwisho ni mwaka. Tairi la trela likipita miaka 5 au 6 badilisha, hata kama meno yake yote yapo. Haya hayaishi kwa kusagika, yanakauka kwa kusimama. Beringi zipakwe grisi upya kila mwaka. Siku ya kuileta nyumbani simama baada ya maili 20 na uguse kikombe cha katikati ya gurudumu kwa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Kikikuunguza, usiendelee na safari.

Minnesota trela ikifika ratili 3,000 kwa uzito wake wote lazima iwe na breki. Yako iko chini ya hapo, lakini kama ina breki za umeme, hakikisha zinafanya kazi na ufunge kifaa chake ndani ya gari. Sienna na watu sita kwenye mteremko wa kuingia Duluth, mimi ningezitaka.

---

BabaNeema_MN

Nimetoka nje na tochi saa hii hii. Kibandiko kinasema ratili 1,240. Sisi sita kwa pamoja ni kama 775. Mlalio wa trela nikiukadiria 300, zinabaki 165, na chuma chenyewe bado sijakitoa humo. Nilikuwa napanga sanduku la juu ya gari, baiskeli tatu na pipa la vinywaji. Asante sana kaka. Baiskeli zitabaki nyumbani.

---

MamaFuraha_GR

Baba Neema, salamu kutoka Grand Rapids, Michigan.

Sisi ni Wakongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 14 kabla ya kuletwa hapa. Nilipomwambia mume wangu habari ya popapu alinyamaza siku nzima, kisha akauliza: tumetoka kwenye turubai, leo tulipe pesa turudi kwenye turubai? Sikumlazimisha. Tuliazima ya jirani kwa usiku mmoja tu, hapa hapa kando ya Ziwa Michigan. Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni na chai, watoto wamelala, na akaniambia hapa hakuna mtu atakayekuja kutuhesabu. Sasa tuna yetu.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yako. Muulize kwanza. Kwa mtu wa rika lake kulala nje kunaweza kuwa na maana usiyoijua.

Akikubali, usimpandishe kwenye vile vitanda vya kuvuta. Viko juu, kiunoni mwangu, na kushuka usiku kwenye giza ni hatari kwa magoti. Ile meza ya kulia inashuka ikawa kitanda, nayo iko chini, unakaa kwanza ndipo unalala. Hapo ndipo mahali pa bibi. Mwekee godoro la ziada juu ya yale mato ya kukalia, maana viungio vyake vinachoma mgongo. Watoto wapewe vitanda vya kuvuta, watafurahi.

Na choo. Popapu nyingi hazina. Choo cha kambi kinaweza kuwa hatua mia mbili kutoka mlipo, na saa nane usiku mama hatakuamsha, atavumilia mpaka asubuhi. Mama zetu wako hivyo. Nunua kile choo kidogo cha kubebeka, ufunge pazia kwenye kona, umwonyeshe mapema na bila aibu. Mama mkwe wangu siku ya kwanza hakunywa maji tangu saa kumi jioni, na mimi nilidhani hana kiu.

Turubai likilowa usilifunge likakaa hivyo. Kama mvua imewalazimu kufunga, lifungue tena nyumbani kesho yake mpaka likauke kabisa. Ukungu ukishaingia kwenye turubai hautoki kwa sabuni yoyote, nimeliona hilo tangu utotoni.

---

BabaNeema_MN

Nimerudi kutoka St. Cloud. Niwaambie ilivyokuwa.

Yule mzee ni mtu mwema. Alikuwa hajaifungua, alinisubiri kama nilivyomwomba. Paa lilipanda vizuri, pembe zote sawa. Harufu ilikuwapo lakini hafifu, mke wangu alisema ni ya kukaa imefungwa tu. Nikagonga paa, zima. Nikagonga sakafu nikitokea nyuma kuja mbele, kavu, kavu, kavu, na kona ya mbele kulia chini ya kabati la sinki ikabadilika sauti. Nikalala chini. Plaiwudi ilikuwa nyeusi eneo kubwa kuliko sinia la pilau, na bisibisi iliingia bila kusukuma.

Nilimwita mzee naye akalala chini pembeni yangu, akaangalia, akakaa kimya. Hakuwa anajua. Alisema bomba lilipasuka majira fulani ya baridi wakalibadilisha, hakufikiria maji yalikwenda wapi. Aliteremsha bei hadi 2,500 palepale. Nikamshukuru, nikakataa. Mimi siyo fundi wa mbao na sina karakana. Mke wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi, na sikumlaumu, maana nami nilishawaona watoto humo ndani.

MamaFuraha, nilimpigia mama. Alicheka, akasema alipokuwa msichana walikuwa wakilala shambani kulinda mahindi yasiliwe na nyani, na kitanda kilikuwa majani ya migomba. Ila la choo alinyamaza kidogo, akasema, "Hicho kidogo kinunue." Mungu akubariki dada.

---

MzeeWaDuluth

Umefanya vyema. Endelea kutafuta, msimu ndio unaanza. Na ukishaipata, bomba zako usisahau mwezi wa kumi: toa maji yote, zijaze ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Kilichoiua trela ya yule mzee ni hicho.

---

BabaNeema_MN

Wiki tatu zimepita. Tumepata nyingine kule Mankato, ya mwaka 2001, fupi kidogo. Mwenyewe alikuwa anaomba 2,600, tukamalizana kwa 2,400. Kwa sura haipendezi: mato ya kahawia, moja limetafunwa na mbwa, na friji haifanyi kazi kwa gesi, kwa umeme tu. Lakini nimeigonga yote mara mbili na mke wangu akaigonga mara ya tatu. Kavu kila mahali. Ikijazwa haizidi ratili 2,700, na breki za umeme inazo.

Matairi yalisomeka 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kwa macho yalikuwa mapya kabisa. Nimenunua mawili na la akiba, fundi amepaka grisi kwenye beringi, na nilisimama kwenye maili ya 20 nikagusa. Vuguvugu.

Tumepata nafasi Itasca, usiku 3, Jumapili hadi Jumatano, kwa sababu wikendi zote zilishachukuliwa. Pale ndipo Mississippi inapoanzia, unavuka mto kwa kukanyaga mawe. Nataka mama avuke akiwa amenishika mkono.

Leo jioni tuliikunjua mbele ya nyumba ili tuoshe, na watoto wamekataa kutoka. Wamelala humo. Mke wangu ameanza kupima madirisha, ana kitenge cha bluu alicholetewa kutoka Dar na anasema mapazia atashona mwenyewe.

---

MzeeWaDuluth

Hongera sana. Asubuhi paa na turubai vitakuwa na umande. Waache watoto walale mpaka jua likaushe, ndipo ufunge.