Heterodon nasicus, kennerlyi na gloydi: unawatofautishaje?

MsomaMagamba
Wakuu, naomba mwongozo. Kuna picha za nyoka wa jenasi Heterodon, wale wa Amerika ya Kaskazini wenye pua iliyobetuka. Zote zimeandikwa H. nasicus, lakini mmoja ana vigamba 4 tu nyuma ya gamba la pua na mwingine ana zaidi ya 15. Rangi zao karibu ni moja. Je, ni spishi moja kweli? Na gloydi siku hizi anahesabiwa spishi? Wale wa Madagaska wenye pua kama hiyo nao wanaingia wapi?

Kigongo
Rangi iweke kando, hesabu magamba. Picha ipigwe juu ya kichwa moja kwa moja, mwanga utoke ubavuni ili mipaka ionekane. Gamba la pua ni lile kubwa lililochongoka kama sepetu. Nyuma yake, katikati ya magamba makubwa ya kushoto na kulia, kuna kundi la vigamba vidogo. Kennerlyi anavyo 2 hadi 6, nasicus anavyo 9 au zaidi, na mara nyingi hupita 15. Basi huyo wako wa 4 ni kennerlyi, nyoka wa Meksiko na kusini mwa Texas, New Mexico na Arizona.

Wengi hukosea kwa kuhesabu na yale magamba makubwa ya jozi. Hayo hayamo. Idadi haibadiliki nyoka akikua, kwa hiyo hata kinda anapimika.

Mtaalamu Kennicott alimwelezea kennerlyi mwaka 1860, kisha akawekwa muda mrefu kama nususpishi ya nasicus hadi alipopandishwa kuwa spishi mwaka 2003. Ndiyo maana maandishi ya zamani bado yanamwita H. nasicus kennerlyi.

Madoadoa
Kwa gloydi mambo si mepesi hivyo. Mtaalamu Edgren alimtenga mwaka 1952 kwa idadi ya madoa ya mgongoni. Hesabu kuanzia shingoni hadi usawa wa tundu la haja, mkia usiuguse. Dume wa gloydi ana chini ya madoa 32 na jike chini ya 37. Dume wa nasicus ana zaidi ya 35, jike zaidi ya 40.

Kwa hiyo jinsia kwanza, madoa baadaye. Madoa 36 kwa dume ni nasicus, kwa jike ni gloydi! Dume ana mkia mrefu zaidi kwa uwiano wa mwili na shina lake ni nene. Mkia wa jike hupungua ghafla baada ya tundu. Na dume mwenye madoa 33? Yuko katikati, hana jina kwa kipimo hiki. Orodha nyingine humpa gloydi nafasi ya spishi, nyingine humwacha ndani ya nasicus. Mimi simwandiki gloydi bila kujua nyoka alikotoka. Aliyefugwa kwa kuchaguliwa rangi, hasa asiye na madoa, kipimo hiki hakimfai kabisa.

Kigongo
Usisahau spishi mbili zilizobaki za Heterodon, platirhinos na simus. Mgeuze uone tumbo: nasicus ana weusi mwingi unaoendelea hadi chini ya mkia. Kwa platirhinos, chini ya mkia ni hafifu kuliko tumbo, pua haikubetuka sana, na wapo weusi tii wanaochanganya watu. Simus ni mfupi, pua imebetuka vikali, tumbo na chini ya mkia vina rangi moja. Safu za magamba katikati ya mwili kwa kawaida ni 25 kwa platirhinos na simus, 23 kwa nasicus. Hesabu kwa mshazari, magamba mapana ya tumboni yasiingie.

MsomaMagamba
Ahsanteni. Gamba alilojivua linatosha?

Madoadoa
Kwa magamba, ndiyo. Liloweshe kwa maji vuguvugu, litandaze juu ya karatasi nyeusi. Kumbuka limegeuka nje ndani, kwa hiyo kushoto na kulia hubadilishana. Sehemu ya kichwa huchanika mdomoni, itafute isipotee. Likivutika urefu hudanganya, idadi haidanganyi. Madoa hubaki kivuli tu, usiyategemee.

Wa Madagaska ni jenasi Leioheterodon, familia Pseudoxyrhophiidae. Pua inafanana kwa sababu ya kuchimba tu, si udugu wa karibu. Heterodon yuko Dipsadidae, ambayo wengine huiita familia ndogo ndani ya Colubridae. Wale wa Amerika ya Kusini wenye pua kama hiyo, waliokuwa jenasi Lystrophis, sasa wamo katika jenasi Xenodon. Nao ni Dipsadidae, ila jenasi yao ni nyingine, hata mfugaji awauze kwa jina lile lile.